Zege la Chumba cha Chini: Tujitolee, Lakini kwa Vipimo

Baadhi ya nyumba za zamani za parokia zina chumba cha chini ya ardhi kilichokuwa stoo, na sakafu yake ni udongo au zege lililopasuka. Kuweka sakafu mpya ni kazi ambayo waumini wanaweza kuifanya kwa kujitolea, na gharama ikapungua sana. Lakini tukumbuke kwamba nyumba nzima imesimama juu ya chumba hicho.

Msingi kwanza
Kabla ya kuchimba, fukueni shimo dogo kando ya ukuta muone msingi umeishia wapi. Msichimbe kupita hapo. Udongo unaoshikilia msingi ukiondolewa, ukuta unaweza kuporomoka juu ya wachimbaji. Ikilazimu kushuka zaidi, mwiteni mhandisi.

Vipimo vya sakafu
Shindilieni mawe unene wa sentimita 15, sawazisheni kwa mchanga, tandikeni nailoni nzito ya kuzuia unyevu, kisha mwageni zege la sentimita 10. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, wekeni ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo ya lita 20. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitahitaji mifuko 8 hivi.

Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Mchanga ukiwa umelowa, yapunguzwe. Wengi huongeza maji ili zege lisambae kwa urahisi, na hapo ndipo nguvu yake hupotea. Likishakaza, lifunikeni kwa magunia na kuyamwagilia kwa siku 7. Haraka haraka haina baraka.

Afya na kuta
Saruji mbichi huunguza ngozi: vaeni glavu na mabuti. Jenereta au pampu ya petroli isiwashwe ndani kamwe, maana moshi wake huua. Kuta za mawe na chokaa zisipigwe lipu ya saruji, kwani hufungia unyevu ndani, tumieni chokaa.

Kwa kamati na wafadhili
Mtu akiuliza kwa nini bajeti ya kazi ya kujitolea ina ada ya mhandisi na fedha za mabuti, mwonyesheni ukuta unaobeba nyumba, na watu watakaochimba chini yake. Nguvu zetu tunazitoa bure. Usalama wao lazima tuulipie.