Nani kamlipa anayesifia gemu?

Parachichi lina siri moja, na sisi wa Rungwe tunaijua vizuri. Kwa nje unaona rangi na ukubwa. Kama ndani lina nyuzi au limeanza kuharibika, utajua ukishalipasua, na ukishalipasua umeshalinunua. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, Phillip Nelson, aliandika kuhusu bidhaa za namna hii, akazitenga na zile ambazo ubora wake unaonekana kabla ya kulipa.

Gemu ya video iko kundi la parachichi. Picha za tangazo ni ganda tu. Na kwa kijana wa Tukuyu gharama haiishii kwenye bei: hata ile inayoitwa ya bure inakula bando, tena gigabaiti kadhaa, na mtandao ukiyumba katikati ya hizi mvua zetu, kazi unayo. Mwenye kibanda cha gemu naye ananunua diski kwa mtaji wake. Ikiwa mbovu, vijana wanarudi kwenye mpira ule ule wa mwaka jana na hela yake imelala.

Kwa hiyo tunamtafuta mtu aliyekwisha kucheza atuambie. Sawa, lakini huyo mtu anakula wapi?

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Jeff Gerstmann. Novemba 2007 alikuwa mhariri wa tovuti ya Marekani ya GameSpot, akaipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10. Wakati huohuo tovuti yenyewe ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyohiyo! Mwezi haujaisha, kafukuzwa kazi. Baadhi ya wenzake waliondoka baada ya hapo. Yeye mwenyewe alieleza wazi mwaka 2012: kampuni za gemu zilikuwa zikitishia kuondoa matangazo yao, na uongozi wa wakati ule haukuhimili shinikizo.

Kuna shinikizo jingine ambalo halihitaji hata kutishia. Mhakiki anahitaji kupata gemu kabla haijatoka, ili andiko lake liwe tayari siku ya mauzo, na anayegawa nakala hizo ni kampuni yenyewe. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Wahakiki wa mwanzo walipewa nakala ya kompyuta tu, wakazuiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Alama zikawa nzuri sana. Walioinunua kwa PlayStation 4 wakakuta kitu kingine kabisa: inakwama, inazima, sura za watu hazijakamilika. Siku nane baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia watu fedha. Hapa wahakiki hawakudanganya. Walisema kweli kuhusu kipande walichoonyeshwa, na kwangu mimi hii ndiyo njia ya hatari zaidi, maana hakuna wa kumkamata.

Siku hizi wengi wetu hatusomi uhakiki, tunaangalia video. Mwaka 2016 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Warner Bros. kuhusu Middle-earth: Shadow of Mordor. Watengeneza video, akiwemo PewDiePie, walikuwa wamelipwa waisifie na wasionyeshe kasoro zake. Taarifa kwamba wamelipwa iliwekwa chini ya video, mahali ambapo lazima ubofye ndipo uione. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.5. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, kwa hiyo wazo lenyewe si geni.

Sasa twende kwenye hesabu kidogo. Namba hizi ni za mfano tu. Chukua gemu 20, 10 nzuri na 10 mbovu. Mhakiki wa kwanza anapenda kusifu: anasifia 9 kati ya zile nzuri na 8 kati ya mbovu. Ukisikia amesifia, gemu iko kwenye kundi la 17, na humo nzuri ni 9. Yaani asilimia 53. Kabla hajafungua mdomo ulikuwa na asilimia 50! Mhakiki wa pili anasifia 8 nzuri na 2 mbovu. Sifa yake inakupa 8 kati ya 10, asilimia 80. Ona kwamba huyu wa pili anaziponda gemu nzuri mbili, yaani anakosea pia. Anachotofautiana na mwenzake ni kwamba neno lake linategemea gemu aliyoicheza.

Ndiyo maana kuuliza "huyu kalipwa?" hakutoshi. Aliyelipwa anaweza kusema kweli, na shabiki asiyelipwa hata shilingi anaweza kusifia kila kitu cha timu yake. Kipimo rahisi: tafuta gemu tatu au nne ambazo wewe umeshazicheza, mbovu zikiwemo, uone yeye alisemaje siku zilipotoka. Halafu angalia alichezea kifaa gani. Video iliyorekodiwa kwenye simu ya bei kubwa haikuambii chochote kuhusu simu yenye RAM ya gigabaiti 2. Na kama hakuna uhakiki wowote mpaka siku yenyewe ya mauzo, acha bando lako wiki moja. Walionunua kwa hela yao watakuwa wameshaanza kulalamika.