Mawe, Kaburi na Neno: Thimlich Ohinga, Rusinga na Suala la Wapagazi Wasio na Ukumbusho

Utangulizi

Maneno kumbukumbu, ukumbusho na makumbusho yana mzizi mmoja, ila hayana maana moja. Kumbukumbu hutokana na kitenzi kukumbuka, ilhali ukumbusho na makumbusho hutokana na kukumbusha. Kiambishi hicho kimoja cha usababishi kinabeba hoja nzima: mahali pa ukumbusho hapakumbuki chochote penyewe, bali humfanya anayepazuru akumbuke. Hivyo basi, kila panapojengwa ukumbusho huzuka maswali mawili: ni nani anayekumbukwa, na ni nani aliyeachwa nje ya kumbukumbu hiyo?

Makala haya yanaeleza maeneo mawili ya kihistoria ambayo wasomi wengi wa Kiswahili hawajayazuru, nayo ni ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori na kaburi la Tom Mboya kisiwani Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay. Kaunti hizi mbili jirani zilikuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Nyanza Kusini. Aidha, makala yanayahusisha maeneo hayo na kundi la watu waliotoka katika nchi hiyohiyo lakini wasiokuwa na jiwe wala kaburi kwao: wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hoja kuu ni kwamba watu hao wamebakiwa na ukumbusho mmoja ulio hai, nao ni neno la Kiswahili. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili ana deni kwao.

Thimlich Ohinga: Kuta zisizo na saruji

Thimlich Ohinga ipo kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, katika eneo la Nyatike. Jina lenyewe ni la Dholuo. Ohinga ni ngome au boma kubwa la mawe, na thimlich hufasiriwa kuwa msitu mnene wa kutisha. Mgeni anapofika huona kwanza mimea ya jamii ya mtupa iliyoota baina ya mawe, kisha kuta zenyewe. Kuta hizo zina kimo cha kati ya mita 1 na zaidi ya mita 4, na unene wa mita 1 hadi 3. Hazina saruji, chokaa wala udongo wa kushikanisha. Mawe yake hayakuchongwa. Yaliokotwa kama yalivyokuwa katika vilima vya hapo na kupangwa kwa ustadi.

Siri ya uimara wake imo katika mpangilio wa tabaka tatu. Tabaka la nje na la ndani ni mawe makubwa yaliyoegemezwa yakashikana, na baina yake hujazwa mawe madogo yanayozifunga pande zote mbili. Mtazamaji wa nje huyaona makubwa tu, lakini pasipo yale madogo ukuta usingesimama kwa karne kadhaa.

Milango ni mifupi na myembamba, hivi kwamba mtu mzima hulazimika kuinama ili apite. Wataalamu wanaeleza kuwa jambo hilo lilikusudiwa: adui aingiaye ameinama hawezi kushika silaha yake sawasawa, na mlinzi aliyesimama ndani humwona kabla hajainua kichwa. Ndani mlikuwa na nyumba, mazizi ya mifugo na sehemu za kufulia chuma. Ua kubwa zilizopo ni nne, nazo ni Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Katika majina hayo kiambishi cha Dholuo kinachotangulia huonyesha kwao mtu fulani, kama Mswahili asemavyo "kwa Fulani". Ni majina ya waliokaa humo katika vipindi vya karibuni, si ya walioijenga.

Kwa mujibu wa UNESCO, ambayo iliiingiza Thimlich Ohinga katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018, ngome hii huenda ilijengwa katika karne ya 16. Wataalamu wengi wanaona kuwa waanzilishi wake walikuwa wasemaji wa lugha za Kibantu, na kwamba Waluo na wengineo waliofika baadaye walizitengeneza kuta zilipobomoka wakaendelea kuzitumia hadi karne ya 20. Katika eneo la Nyanza Kusini kumehesabiwa mahali 138 penye maboma ya namna hii, na Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika kuliko zote.

Msomaji aliyeizoea pwani anaweza kupata mizani ya kupimia. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ni ya karne hiyohiyo. Mjenzi wake anajulikana kwa jina, na kumbukumbu zake zimeandikwa. Thimlich haina jina la mjenzi wala hati. Hata hivyo, kuta zake zinashuhudia kwamba jamii za bara zilikuwa na maarifa ya ujenzi, ulinzi na utawala. Neno letu boma, lenye maana ya ngome, zizi na makao ya serikali kwa pamoja, lingeweza kuzieleza maana zote za ohinga bila taabu.

Rusinga: Kaburi lenye umbo la risasi

Kutoka Thimlich, msafiri anayeelekea ziwani hufika Mbita, kisha huvuka daraja hadi Rusinga. Wenyeji wa asili wa kisiwa hiki ni Wasuba, jamii ya Kibantu ambayo kwa vizazi kadhaa imehamia katika Dholuo. Kama ilivyokuwa Thimlich, hapa pia wakaaji walibaki ilhali lugha ikabadilika.

Kaburi la Tom Mboya lipo Kasawanga. Limejengewa jengo lenye umbo la risasi, na mgeni hahitaji kuelezwa sababu. Mboya alipigwa risasi na kuuawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Wakati huo alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Katibu Mkuu wa chama cha KANU. Kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mmoja wa waasisi wa mpango uliowapeleka mamia ya vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kuanzia mwaka wa 1959. Ndani ya jengo huhifadhiwa picha na baadhi ya vitu alivyotumia.

Lipo jambo jingine ambalo kaburi hili hufundisha. Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa mwaka wa 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mkonge. Maisha yake ya kazi yalipita Nairobi. Lakini alipokufa alirudishwa kisiwani, kwa sababu katika mila za eneo hilo mtu huzikwa nyumbani, yaani katika ardhi ya baba zake, wala si popote alipokuwa na nyumba. Uzito wa mila hiyo ulidhihirika kwa nchi nzima mwaka wa 1987, wakati Mahakama ya Rufaa ilipoamua kuwa wakili S. M. Otieno, aliyeishi na kufia Nairobi, azikwe kwao Nyalgunga.

Mila hiyo ina utaratibu hata kwa asiyeweza kurudishwa. Mtu akipotea vitani au majini na mwili wake usipatikane, Waluo wana desturi ya kuzika tunda la yago, yaani la mti uitwao mwegea kwa Kiswahili, mahali pa mwili. Tunda hilo refu na zito hufanyiwa mazishi kama ya mtu, ili aliyepotea apate kaburi na walio hai wapate pa kulilia.

Waliokwenda wasirudi

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika Nyanza Kusini mapema. Mnamo Septemba 1914 jeshi la Wajerumani kutoka Tanganyika lilivuka mpaka likaingia Kisii, na tarehe 12 ya mwezi huo likapigana hapo na kikosi cha KAR kilichotoka Kisumu. Wajerumani walirudi nyuma, lakini vita viliendelea kusini kwa zaidi ya miaka minne, hadi von Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake Abercorn tarehe 25 Novemba 1918.

Vita hivyo vilipiganwa mahali pasipo na barabara, na mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo. Mzigo ukawa wa binadamu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi kilichoongozwa na Oscar Watkins, na mwaka wa 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, alipewa jukumu la kusimamia uandikishaji mkubwa wa lazima. Nyanza ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotoa wanaume wengi zaidi. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Takwimu rasmi za Waingereza wenyewe zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 katika vita hivyo, na wanahistoria wanaona kuwa idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi.

Watu hao walizikwa walikoangukia, mara nyingi bila alama. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilisimamisha sanamu za ukumbusho Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Sanamu ya Nairobi ina watu watatu, mmoja wao akiwa mpagazi, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Hata hivyo, haina jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo iliomba radhi. Mnamo Januari 2025 ilizindua ukumbusho jijini Cape Town wenye majina ya zaidi ya wanaume 1,700 Weusi wa Afrika Kusini waliohudumu katika vita hivyo. Mfano huo unathibitisha kuwa majina yanaweza kutafutwa yakapatikana, hata baada ya miaka mia moja.

Neno kama ukumbusho

Pamoja na ukimya huo wa mawe, lugha haikunyamaza. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lilipita katika vinywa vya wasemaji wa Kiswahili likawa Kariakoo. Dar es Salaam, mahali walipopiga kambi wapagazi baada ya Waingereza kuuteka mji huo mwaka wa 1916, pakaitwa hivyo. Na Nairobi pia pakapatikana mtaa na soko la Kariokor. Leo neno hilo hutajwa kila siku na wachuuzi, makondakta na mashabiki wanaosubiri mechi ya Simba na Yanga. Ni wachache wanaotambua kuwa wanawataja marehemu.

Hapa ndipo panapodhihirika tofauti iliyotajwa katika utangulizi. Kariakoo ni kumbukumbu, lakini bado haijawa ukumbusho, kwa kuwa haimfanyi anayeitamka akumbuke. Kinachokosekana ni kazi ya kukumbusha, na kazi hiyo ni ya wanaosoma na kufundisha lugha.

Kazi yenyewe inaweza kuanzia Migori na Homa Bay. Waliosikia simulizi moja kwa moja kutoka kwa wapagazi ni wazee sana sasa. Mtafiti wa fasihi simulizi anaweza kuuliza maswali mepesi: babu aliitwa nani, alichukuliwa na nani, alipelekwa wapi, alirudi na maneno gani, na asiporudi familia ilifanya nini? Je, lilizikwa tunda la yago? Ni muhimu simulizi hizo zirekodiwe kwanza katika Dholuo au Kisuba kama zinavyosimuliwa, ndipo zifasiriwe kwa Kiswahili. Lugha inayotaka kuwakumbusha wengine haina budi kwanza kusikiliza.

Hitimisho

Ziara ya Thimlich Ohinga na Rusinga humwonyesha msomaji namna mbili za kukumbukwa. Thimlich ni kazi ya wengi wasiojulikana kwa majina, ambao kuta zao zimebaki. Rusinga ni kaburi la mmoja anayejulikana na dunia, aliyerudishwa kwao. Wapagazi wa nchi hiyohiyo hawakupata ukuta wala kaburi; walipata neno, nalo limesahau lilikotoka. Wao ni mfano wa yale mawe madogo ya katikati ya ukuta wa Thimlich: hawaonekani kwa nje, ingawa jeshi zima liliwaegemea.

Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinapopanga safari za kitaaluma visiishie Lamu, Mombasa na Bagamoyo pekee. Safari moja ya Nyatike na Rusinga, pamoja na daftari na kinasa sauti, inaweza kurudisha nyumbani japo jina moja.