Joho Ndio Drip, Usiichome

Ukitaja joho Nairobi, lazima msee mmoja aulize, "Hassan?" Zii. Hassan Joho alikuwa gava wa Mombasa 2013 hadi 2022, heshima zake. Hapa tunabonga luku.

Na hii luku ni moto. Kumbuka Lusail, Desemba 18, 2022. Messi amebeba World Cup, Amiri wa Qatar anamvisha joho nyeusi, nyepesi, uzi wa dhahabu kwa ukingo. Waarabu wanaiita bisht. Kuna wasee wa Ulaya walilia ati jezi imefichwa. Walie tu. Mtoto wa Mombasa alicheki hiyo picha akaona bwana harusi.

Juu Coast wametuacha mbali, maze. Harusi ya Old Town, jamaa anatokea na kanzu imepigwa pasi, joho juu, kilemba kichwani, jambia kiunoni. Joho haifungwi. Inaachwa wazi, kanzu ionekane, tarizi ishuke kutoka shingoni hadi chini. Na hakuna kukimbia. Unashika ukingo na mkono mmoja, unatembea pole kama mwenye ploti. Hiyo walk ndio nusu ya drip.

Sasa kuja huku kwetu. Grad. Joho ya kukodi, poliesta, jua la saa sita, jasho hadi kwa soksi. Hiyo design ni ya vyuo vya zamani vya Ulaya, mahali majengo yalikuwa baridi na wasomi wakavaa mizigo. Lakini umesota miaka minne, buda. Vaa, na uvae poa. Chenye hakiwezi ni joho na mikunjo ya kutoka kwa paper bag asubuhi hiyo. Itundike usiku, bafu ijae mvuke. Bure kabisa. Sneakers nyeupe? Ndio, zikiwa safi. Mabuda watasema ni kukosa adabu, na kwa albamu zao wako na bell-bottom zinafagia stage yote.

Hata kortini mabuda walishtuka. Willy Mutunga aliingia kama CJ 2011, kipini kwa sikio, akafuta wigi za farasi. Majaji wa Supreme wakabaki na joho bila hizo nywele, na wakaingia wazito vile vile.

Tukirudi kwa grad, doh ndio noma. Unakodi, unaweka deposit, unalipia picha, ukichelewa kurudisha ni faini. Saa hii hata toto ya PP2 inavishwa joho na kofia, masa anatoboka juu mtoi amejua kuhesabu hadi mia. Hapo zii kabisa. Hiyo ganji ni ya viatu vya shule.

Plan yangu ni hii: wasee watatu wa ploti tuchange, tushuke Mombasa, tununue joho moja ya ukweli, tarizi imenyooka. Wa kwanza kuoa ndio anaanza nayo. Dry cleaner ni juu yake.