Kamera ya Simu za Video: Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Mwenzetu hapa ofisini, mtu ambaye kazi yake ni kukuandikia jinsi ya kukwepa matapeli, alimtumia muuzaji wa mtandaoni Sh3,500 za kamera ya kompyuta. "Orijino, 4K, imebaki moja tu." Jumatatu alikuwa na mafunzo ya video na wenye maduka, na laptopu yake ya zamani ilikuwa inamwonyesha kama kivuli, kwa hivyo akaharakisha. Jina lililotokea kabla aweke PIN lilikuwa la mtu binafsi, tofauti kabisa na la duka. Akalipita tu. Hadi leo kamera haijafika na simu ya muuzaji haishikwi.

Kinachouma zaidi ni kwamba hakuihitaji. Jumatatu asubuhi aligeuza meza tu. Dirisha lilikuwa nyuma ya mgongo wake, kamera ikawa inapima mwanga wa nje na kumwacha yeye gizani. Alipokaa akitazama dirisha, uso ulionekana vizuri kwa kamera ile ile. Jaribu hilo kwanza, ni bure.

La pili la bure ni simu yako. Kamera ya simu mara nyingi inaishinda ya laptopu. Iegemeze mahali imara, usawa wa macho (sisi tumetumia mkebe wa majani chai), kisha ujiunge na mkutano. Kama lazima utumie kompyuta, programu kama DroidCam hugeuza simu ya Android kuwa kamera ya kompyuta, kwa waya wa USB au kwa Wi-Fi.

Sawa, umejaribu na bado unataka kununua. Kwa mazungumzo ya kawaida, 720p inatosha. Kwa mwalimu anayefundisha mtandaoni au biashara inayokutana na wateja kila siku, tungechukua 1080p yenye fremu 30 kwa sekunde. Na 4K? Hapana. Programu za mikutano huibana picha kabla ya kuituma, kwa hivyo unalipia ubora ambao mwenzako upande wa pili hauoni. Kumbuka pia bando: simu ya Zoom ya watu wawili kwa 720p inahitaji takriban Mbps 1.2 kwenda na kiasi hicho kurudi, yaani kama GB 1 kwa saa. Ukipanda hadi 1080p, inakula zaidi ya maradufu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawakwambii. Kamera nyingi za bei ya chini zina lenzi isiyobadilika: uso wako uko sawa, lakini ukisogeza kitambaa, pete au lebo ya dawa karibu na kamera, ukungu mtupu. Kama unauza kwa kuonyesha bidhaa, uliza kama kamera inajirekebisha yenyewe kitu kikiwa karibu. Kwa mfano, Logitech C920 inaweza, C270 haiwezi. Fundi wa nguo anayeonyesha mishono kwa video ataikosa sana hiyo huduma. Anayepiga gumzo na shangazi Jumapili, wala.

Sauti usiisahau. Maiki ya kamera huokota kila kitu chumbani, hadi jogoo wa jirani. Vipokea sauti vya simu yako, vile vya waya, husaidia sana.

Sasa malipo. Ukiweza, beba laptopu yako hadi dukani, iwe Luthuli Avenue au mjini kwenu, kamera ichomekwe ujione kabla ya kulipa. Ukiagiza mtandaoni, lipa ikifika mkononi, na kwa nambari ya Till inayoleta jina la duka lenyewe. Jina likikataa kulingana, ghairi. Muuzaji akisema "tuma nusu nishikie", muage kwa heshima.

Na ikishatokea umetuma, piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, pesa zikiwa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea. Mwenzetu aliona haya kutuambia, akangoja hadi jioni. Kufikia hapo zilikuwa zimeshatolewa kwa ajenti.