Mbwa Aliyevimbiwa, na Mkono Usiopaswa Kuingia Kinywani

Baada ya mavuno ya kahawa, sherehe huwa nyingi katika vilima vya Maguu, wilayani Mbinga, na makombo huwa mengi vilevile. Mbwa aliyezoea ukoko wa ugali hupata siku hiyo pilau yenye mafuta, mifupa ya kuku, ngozi ya nguruwe, na pengine machicha ya pombe. Usiku hutapika, asubuhi hujilaza kivulini akihema.

Mara nyingi hali hiyo hupoa yenyewe. Mbwa mkubwa anyimwe chakula kwa saa 12 hadi 24, apewe maji kidogo kidogo, kisha ugali laini usio na mafuta. Asitapishwe kwa maji ya chumvi, kwani chumvi nyingi ni sumu kwake. Wala asipewe vidonge vyetu vya maumivu: parasetamo na diklofenaki zaweza kumuua. Machicha nayo yana kilevi, na hamira huendelea kuumuka tumboni. Tumbo likivimba na kukaza kama ngoma, huku mnyama akijikakamua kutapika bila kutoa kitu, huenda limejisokota. Daktari wa mifugo aitwe saa hiyo hiyo.

Lakini mimi ni tabibu wa binadamu, na hofu yangu iko kwingine. Mbwa anayechuruzika mate, taya limelegea, hawezi kumeza, huonekana kana kwamba mfupa umemkwama kooni. Mwenye huruma humpanua kinywa na kuingiza vidole. Kumbe dalili hizo ni za kichaa cha mbwa pia, katika sura yake ya kupooza, ambayo haina ukali wa kumtahadharisha mtu. Mkwaruzo mdogo kidoleni watosha kupitisha virusi. Na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, takriban wote hufa.

Aliyekwisha kuingiza mkono auoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hakung'atwa.

Nanyi wenzangu wa zahanati, mgonjwa akisimulia habari ya mfupa, muulizeni mbwa alichanjwa lini na sasa yuko wapi. Akiwa hai, afungiwe na kutazamwa siku 10. Akifa, ofisa mifugo aarifiwe na mzoga usiguswe kwa mikono mitupu. Chanjo ya mgonjwa haingoji siku hizo: huanza mara moja, na huweza kusitishwa mbwa akionekana mzima siku ya 10.