Maadili Yaanze kwa Aliye Mbele



Wazee wetu, mama zetu na vijana mliokusanyika hapa London baada ya futari, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika mwezi huu mtukufu. Leo tunazungumza na kila mwenye kuongoza watu, iwe katika kampuni, duka au jumuiya kama yetu: vipi maadili tunayoyatangaza yatoke katika maandishi na kuingia katika matendo ya kila siku?

Funga yenyewe inatufundisha. Haikuachwa iwe nia njema tu. Imewekewa alfajiri na magharibi, na tajiri hufunga sawa na mtumishi wake. Neno jema likiwekewa mpaka unaojulikana, na mpaka huo ukamfunga mkubwa kabla ya mdogo, ndipo linapokuwa mwenendo.

Tutazame mfano wa kwetu Afrika Mashariki. Oktoba 1966, Mwalimu Julius Nyerere alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, ambalo halikutosheka na kuusifu usawa. Kiongozi wa TANU au wa serikali alizuiwa kumiliki hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Mtu anaweza kuikubali siasa ile au kuikataa. Lakini hata asiyejua kusoma alipata la kuuliza: kiongozi wetu ana nyumba ngapi, na ni nani amepanga humo?

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Neno usawa liliweza kubaki katika hotuba, ila mwananchi hakuwa tena na kipimo kile mkononi.

Sasa tujihesabu. Wengi wetu mjini hapa tuna kampuni za usafi, za kuhudumia wazee, za kusafirisha mizigo hadi Mombasa na Dar es Salaam, na ukutani tumeandika "Uaminifu". Je, mshahara hulipwa tarehe tuliyoahidi, au mfanyakazi huambiwa avumilie kwa kuwa ni ndugu? Mzigo ukichelewa, mteja huarifiwa siku hiyo hiyo, au simu haipokelewi? Mwenye kampuni akichukua fedha za kampuni, huandika kama anavyotakiwa kuandika karani wake? Na mfanyakazi akimwambia amekosea, hushukuriwa au hupunguziwa zamu?

Nasi tuliopewa uongozi wa jumuiya hatujasalimika. Tumehubiri amana mwaka baada ya mwaka, huku risiti zikikaa mifukoni mwetu hadi maandishi yanafutika. Sheria ya hapa inampa mtu yeyote haki ya kuomba nakala ya hesabu za mwaka za taasisi ya hisani. Ni aibu kwetu kungoja sheria itukumbushe amana. Kwa hiyo tumekubaliana: hesabu za michango ya futari zitabandikwa mlangoni kila Ijumaa, na gharama za viongozi zitaandikwa juu kabisa. Mkiona kosa, tuulizeni mbele ya watu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, na asizifanye ndimi zetu ziwe shahidi dhidi ya mikono yetu. Amin.