Donge la Kuogea Litoalo Povu, na Kiasi cha Mafuta ya Karafuu



Tumeletewa swali na wanachama wenye jamaa zao Bara, khasa katika miji ya Njombe na Makambako. Wataka kujua vipi hufanywa yale madonge ya kuogea yachemkayo yakitiwa majini, na kama mafuta ya karafuu yafaa kutiwa ndani yake. Mmoja ameuliza kama kijiko kimoja cha chai kwa kila donge chatosha, "ili harufu ivume". Tumeona bora tujibu hapa kwa wote, maana kijiko hicho chaweza kumwunguza mtu ngozi, na aliyeungua hatasema ameunguzwa na kijiko. Atasema karafuu ni mbaya, na maneno hayo yataturudia sisi.

Kwa wale ambao hawajafika huko: ukitoka Dar es Salaam kwa njia kuu ya Zambia, ukapita Morogoro, Iringa na Mafinga, wafika Makambako, mji wa njia panda ambao una kituo cha reli ya TAZARA. Hapo njia ya Songea huchepuka kushoto, na baada ya kilomita kadiri 60 uko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya chai, viazi, miti ya mbao na, siku hizi, maparachichi. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake si ya kufanyiwa mzaha. Mtu wa Pemba akipelekwa huko na kanzu moja atarudi na koti. Maji ya kuoga huchemshwa, na mtu aliyeshinda shambani ndani ya buti hupenda kutia miguu katika beseni la maji moto jioni. Kwa hiyo hatushangai kuwa madonge haya yanaulizwa huko kuliko huku kwetu.

Donge lenyewe si la zamani. Lilibuniwa Uingereza mwaka 1989 na bibi mmoja aitwaye Mo Constantine. Lakini kazi yake kila mmoja wetu ameiona, kwani ni ile ile ya Eno tunayokunywa tumbo linapojaa. Vitu viwili vikavu, soda ya kuokea mikate na unga mkali wa ndimu uitwao asidi ya sitriki, hukaa pamoja kwa amani muda wote vikiwa vikavu. Vikipata maji hushikana, na katika kushikana huko hutoa hewa ya kaboni, ndiyo yale mapovu. Maji ya ndimu yenyewe hayafai kushika pahala pa unga huo, kwa sababu ni maji, nayo yataanza kazi ndani ya bakuli kabla donge halijafinyangwa.

Hapa pana hatari ya jina. Katika masoko ya Bara huuzwa magadi, yale ya kulainishia maharage na kande, na watu wengi huyaita "magadi soda". Hayo si soda ya kuokea. Ni makali zaidi na huikausha ngozi na kuiwasha. Wala msikaribie soda ya moto ifanyiwayo sabuni, maana hiyo hula nyama. Nunueni soda ya kuokea iliyo katika pakiti yake, iliyoandikwa kuwa ni ya chakula.

Vipimo vyetu ni hivi, navyo hutoa madonge 7 hivi ya gramu 100. Pima gramu 400 za soda, gramu 200 za unga wa asidi ya sitriki, na gramu 60 za wanga wa muhogo, ule ule wa kutilia nguo, uliokaushwa barabara. Chekecha vyote pamoja katika bakuli kavu. Soda tumeizidisha kwa makusudi: gramu 400 zingeweza kumaliza gramu 300 za asidi, na sisi tumetia 200 tu, ili ukali wote wa ndimu umalizwe na maji yabaki laini. Kisha twaa vijiko 2 vya mezani vya mafuta, yaani mililita 30, tia kidogo kidogo huku ukisugua kwa viganja mpaka unga ushikane kama mchanga wa pwani wenye unyevu. Ukiukamata ukabaki na alama za vidole, umekuwa. Ukimeguka, rashia maji kama umande tu, kwa chupa ya kupulizia. Mrashi wa marashi haufai, matone yake ni makubwa na unga utavimba mbele ya macho yako. Kalibu nzuri ni kikombe cha kahawa, kile kisicho mkono. Shindilia kwa nguvu, pindua juu ya karatasi, acha siku moja au mbili bila kugusa.

Mafuta hayo mililita 30 yawe ya nazi au ya parachichi. Njombe yako ya parachichi, kwani matunda yasiyofaa kusafirishwa hukamuliwa. Ya nazi yana jambo moja la kuangaliwa: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Huku kwetu ni maji maji mwaka mzima ila asubuhi chache. Njombe mwezi wa Julai ni kama shahamu, lazima yayeyushwe kwanza. Faida yake ni kuwa donge la mafuta ya nazi huwa gumu zaidi huko na halivunjiki njiani.

Sasa mafuta ya karafuu. Nguvu yake yatoka katika kitu kiitwacho eujenoli, ambacho huwa ni zaidi ya thuluthi mbili ya mafuta yote. Ndicho kinachotia ganzi jino, na ndicho kinachoiwasha ngozi kikizidi. Kikomo kinachofuatwa na wataalamu wa mafuta ya manukato kwa karafuu juu ya ngozi ni sehemu 1 katika 200. Lakini sehemu 200 za nini? Wengi hupima kwa uzito wa donge zima, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Soda na asidi huyeyuka na kupotea majini, mafuta hayayeyuki. Yanabaki kama yalivyo, na ngozi hukutana nayo kama yalivyo. Tena mafuta ya karafuu yakiwa peke yake ni mazito kuliko maji. Waliokeneka makonyo wanajua kuwa hutuama chini ya maji yaliyokenekwa. Katika beseni, chini ndiko iliko nyayo.

Kwa hiyo yachanganyeni kwanza na mafuta ya nazi au ya parachichi, na kikomo kipimwe kwa mafuta hayo, si kwa unga. Mililita 30 zikigawanywa kwa 200 ni sehemu ndogo ya mililita, sawa na matone 3. Matone 3 kwa madonge yote 7, si kwa kila moja. Kijiko cha chai kina matone kadiri 100, basi aliyetuuliza angetia kiasi kinachozidi mara 200.

Mtasema harufu itakuwa hafifu. Ndiyo, na dawa yake tunaijua tangu kwa bibi zetu waliotia karafuu katika masanduku ya nguo. Madonge yakishakauka yafungeni kila moja kwa karatasi, yatieni katika kopo lenye kifuniko pamoja na kifuko cha kitambaa chenye karafuu kavu kiganja kimoja, mkaliache wiki nzima. Mnunuzi akifungua hukutana na harufu kabla ya kitu kingine, na karafuu anaziona kwa macho. Msizisage mkazitia ndani ya donge. Punje zake hukwaruza na mafuta yake hutoka vile vile bila kipimo.

Adui wa donge ni unyevu. Lililofanywa Wete wakati wa masika huanza kuota vipele siku ya pili, na mwishowe halichemki. Hili tunawaambia wazi wanachama wanaotaka kuyafanya huku na kuyapeleka Bara: afadhali jamaa zenu wayafanye huko huko. Mvua yao ni moja, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, na baada ya hapo Makambako ni pakavu na pana upepo mwingi. Huku kwetu chagueni siku kavu, na kopo lifungwe barabara. Chupa ya mafuta ya karafuu yenyewe iwe ya kioo cheusi, kwa sababu mafuta haya hula baadhi ya plastiki.

Nyumba chache huko, kama huku, zina hodhi la kulala ndani. Nusu ya donge katika beseni la maji ya uvuguvugu yatosha kwa miguu ya mtu mmoja, dakika 10 au 15. Sakafu ya saruji itateleza kwa mafuta, basi wazee washikwe mkono. Wenye jeraha, wenye ngozi iliyopasuka, wajawazito na watoto wadogo wasitumie lenye karafuu. Na watoto wasiachiwe kopo wala chupa, donge hufanana na peremende na mafuta ya karafuu yakinywewa ni sumu kwao. Asiambiwe mtu kwamba ni dawa ya baridi yabisi. Lile joto analolihisi ni la maji, na kidogo ni ngozi kuchokozwa.

Lililobaki ni la sheria. Mnunuzi wa karafuu zetu ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014 mnaijua. Donge halihitaji gunia. Anayemwandikia mwanachama amletee Makambako karafuu kwa pishi "kwa ajili ya sabuni" ajibiwe kuwa matone 3 na kiganja kimoja havifiki hapo. Mafuta yanunuliwe yale yaliyokenekwa kiwandani Chake Chake, yenye chapa, na risiti iwekwe. Kwenye karatasi ya kopo iandikwe vitu vyote vilivyomo, matone ya karafuu kwa hesabu yake, na tarehe donge lilipofanywa.